Mama amevunjika nyonga na kaka zangu hawataki apasuliwe

Kwako mshauri,

Shikamoo. Mimi ni kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Mama yetu ana miaka 79 na tangu baba afariki anaishi nami hapa Umoja. Ijumaa usiku aliamka kwenda msalani. Stima zilikuwa zimepotea, sakafu ilikuwa na maji, akateleza. Nilimkuta amelala kwa ubavu, mguu wa kulia umegeuka vidole vikiangalia nje, na ukiutazama unaonekana mfupi kuliko mwenzake. Hakuweza kuuinua hata kidogo.

Tulimpeleka hospitali ya umma. Eksirei ilionyesha kwamba shingo ya mfupa wa paja imekatika na kuachana, na daktari wa mifupa akasema dawa yake ni kupasuliwa awekewe kichwa cha chuma. Leo ni Jumanne na bado hajapasuliwa. Mguu umefungwa kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Mara mbili amenyimwa chakula tangu usiku wa manane akingoja zamu yake, kisha jioni tukaambiwa orodha imejaa. Halafu tukaambiwa chuma chenyewe hakipo, tukanunue nje.

Lakini shida kubwa ni kaka zangu. Kifungua mimba yuko Nakuru na anasema mtu wa miaka 79 hapelekwi kwenye kisu, tunataka afie mezani. Anataka tumtoe tumpeleke nyumbani Murang'a kwa mzee anayeunga mifupa, kwa kuwa mwaka jana alimtibu binamu yetu mkono ukapona kabisa. Kaka wa pili anasema tumwache kitandani miezi mitatu, mfupa utajiunga wenyewe kama wa jirani yetu. Dada zangu wawili wamenyamaza, maana wanajua pesa nyingi zitatoka kwa kaka.

Mama ana presha na humeza dawa kila siku. Tangu jana usiku ameanza kuongea mambo yasiyoeleweka. Anamwita baba, anataka kushuka kitandani akakamue ng'ombe. Asubuhi huwa sawa, hata leo ameniuliza kama nimelipa kodi ya nyumba. Kaka anasema hizo ni dalili za mtu anayeaga. Tena mimi naishi ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Hata akipasuliwa, nitamtunza vipi?

Kitinda mimba, Umoja

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na umfikishie mama pole zangu.

Katika barua yako nimesikia sauti za kaka wawili, kimya cha dada wawili, maneno ya daktari na wasiwasi wako wewe. Mama mwenyewe sijamsikia. Kuna mtu amemuuliza? Mtu anayeuliza habari za kodi ya nyumba akiwa amefungwa uzito mguuni ana akili zake. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa mtu mzima haki ya kuelezwa ugonjwa wake na matibabu yaliyopo kwa lugha anayoielewa, kisha akubali au akatae yeye. Maadamu anaweza kuelewa na kusema, saini ya kifungua mimba haihitajiki. Kesho asubuhi, wakati kichwa chake ni chepesi, kaa karibu naye madaktari wanapopita, na uwaombe wamweleze yeye, si wewe. Kama Kikuyu ndicho anachokisikia vizuri, wadi za Nairobi hazikosi muuguzi wa kutafsiri. Akikataa baada ya kuelewa, hilo ni neno lake na liheshimiwe. Atapewa dawa za maumivu na kukalishwa kitini kadiri anavyoweza. Ila simu kutoka Nakuru isikatae kwa niaba yake.

Sasa hofu ya kufia mezani. Sitakudanganya kwamba upasuaji huu hauna hatari. Kuvunjika nyonga uzeeni ni ugonjwa mzito, na takwimu za nchi nyingi zinaonyesha kwamba takriban mmoja kati ya wagonjwa wanne au watano hufariki kabla mwaka kwisha, hata waliotibiwa vizuri. Lakini wanaofia mezani ni wachache mno. Wengi huondoka wiki au miezi baadaye kwa nimonia, kwa damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni, kwa moyo uliochoka, kwa vidonda vya kulalia vilivyooza. Na karibu yote hayo yanalishwa na kulala. Mzee asipoinuka, makohozi hukaa kifuani. Damu ya miguuni hutuama. Ngozi ya kwenye kitako na kisigino huanza kuchubuka ndani ya siku chache. Misuli huyeyuka, na kila anapogeuzwa kubadilishiwa shuka, mfupa uliokatika husuguana akapiga yowe. Miezi mitatu anayoisema kaka yako wa pili ni miezi mitatu ya hayo. Nimefanya kazi wadi ya mifupa mpaka kustaafu, na wazee walionisumbua roho zaidi ni wale ambao familia zilikuwa bado zinajadiliana.

Halafu kuna jambo ambalo kaka yako hajaelezwa kuhusu mfupa huo wenyewe. Mishipa mingi ya damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja hupanda kupitia shingo yake. Shingo ikikatika na kuachana, kama ilivyo kwa mama, mishipa hiyo mara nyingi hukatika pia. Kichwa hubaki bila damu ya kutosha, na mfupa wa namna hiyo ni vigumu sana kuunga hata ukiulaza mwaka mzima. Ndiyo maana daktari hataki kuunga. Anataka kukitoa kichwa hicho na kuweka cha chuma. Jirani yenu huenda alivunjika chini kidogo ya hapo, penye damu nyingi. Pale mfupa hujiunga, ingawa ukiachwa bila kupasuliwa mara nyingi hujiunga umepinda na mguu ukabaki mfupi, na kwa sababu ya hatari za kulala hata hao siku hizi huwekewa chuma ndani ya mfupa au bamba na skrubu ili wainuke mapema. Mwulize daktari akuonyeshe picha ya eksirei, umpigie kaka simu ya video, aone kwa macho yake mahali palipokatika.

Habari ya binamu na mkono wake siipuuzi. Mkono wa kijana huunga vizuri ukitulizwa tu. Hata kwa wazee, si kila mvunjiko ni wa kisu. Kifundo cha mkono mara nyingi hutosheka na plasta, na kwa mfupa wa juu wa mkono karibu na bega kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 ulioonyesha kwamba, kwa wengi wao, waliopasuliwa hawakupata nafuu zaidi ya waliofungwa mkono kwa kitambaa shingoni. Kwa hiyo daktari wa mifupa anayesema huyu apasuliwe hasemi hivyo kwa kila mtu. Nyonga ni jambo jingine. Imezungukwa na misuli mikubwa, hakuna mti wala bendeji inayoweza kuishika, na kuikanda ni kuzidisha damu kuvuja ndani na uchungu juu yake. Na hapo bado sijaitaja safari ya Murang'a, na matuta ya barabara, mguu ukiwa katika hali hiyo.

Miongozo ya kitabibu husema nyonga ipasuliwe ndani ya siku moja au mbili. Nyinyi mmeshazipita, lakini hilo lisiwe sababu ya kukata tamaa. Siku ya tano ni bora kuliko ya kumi. Utafiti uliofanywa katika nchi 17 na kutolewa 2020 uliwalinganisha waliopasuliwa ndani ya saa chache na waliongoja kama siku moja. Vifo havikutofautiana, ila waliowahi kupasuliwa walichanganyikiwa akili mara chache zaidi na wakasimama mapema. Kila kukicha muulize daktari swali moja: leo kinachomzuia ni nini? Kama ni presha, presha peke yake si kizuizi ikiwa inadhibitiwa. Mpe daktari wa usingizi orodha ya dawa zote anazomeza nyumbani, hasa aspirini au dawa yoyote ya kufanya damu iwe nyepesi. Na msigombanie aina ya ganzi. Utafiti mkubwa wa 2021 uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,600 wa nyonga ulikuta kwamba sindano ya mgongoni na nusu kaputi hazikutofautiana kwa vifo wala kwa uwezo wa kutembea baada ya siku 60. Mwachieni daktari wa usingizi achague.

Hili la kunyimwa chakula mara mbili limenikera. Kwa kawaida chakula husimamishwa saa sita kabla ya usingizi, na maji matupu huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Uliza zamu yake ni ya ngapi, na wakisema leo haendi, apewe uji na maji dakika hiyo hiyo. Mzee aliyekauka koo tangu usiku wa manane hadi magharibi ni rahisi sana kuanza kuongea na marehemu.

Na hapo nafika kwenye ng'ombe. Mwambie kaka yako kwamba mama haagi. Kuchanganyikiwa kunakokuja usiku na kuondoka asubuhi ni jambo tunalolijua sana kwa wazee waliovunjika nyonga, na lina visababishi vya kutafutwa: maumivu, njaa na kiu, mkojo uliozuilika au wenye maambukizi, choo kigumu, kifua, hewa ndogo ya oksijeni, au dawa fulani. Mwambie muuguzi wa zamu kwa maneno haya haya, kwamba usiku anabadilika na asubuhi anarudi, ili apimwe. Mpelekee miwani yake. Omba ruhusa ndugu mmoja akae naye jioni, sura anayoijua. Akitaka kwenda kukamua, msibishane wala msimwambie baba alishakufa. Muulize ni ng'ombe yupi, na anatoa maziwa kiasi gani. Atakusimulia mpaka atulie. Msikubali afungwe mikono kabla ya hayo kujaribiwa.

Maumivu yake yatibiwe kwa saa, si mpaka apige kelele. Panado kwa vipimo vya daktari hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, na hospitali nyingine zina daktari wa kuchoma sindano ya ganzi kwenye mishipa ya kinenani ikatuliza nyonga kwa saa kadhaa. Ulizia. Usimnunulie diklofenaki kwenye duka la dawa hata ukiona anateseka. Kwa mzee mwenye presha, figo na tumbo hulipia.

Pesa. Kwanza hakikisha mama amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwamba mchango wake umelipwa. Asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Unaweza kuangalia kwa kupiga *147#. Hospitali ndiyo huomba idhini ya SHA kabla ya upasuaji, basi nenda ofisi yao ya bima uulize ombi limetumwa lini na kama chuma kimo ndani yake. Kama ni lazima mnunue, daktari mpasuaji aandike kwenye karatasi aina ya chuma, na kama kitashikizwa kwa saruji ya mifupa, ambayo kwa mifupa ya kizee ndiyo hupendekezwa mara nyingi. Usinunue kwa mtu anayekufuata kwenye korido na namba ya simu. Lipa penye risiti. Mkikwama, hospitali za umma zina afisa wa ustawi wa jamii anayeweza kusikiliza hali yenu na kuomba mpunguziwe. Wengi hawamwendei kwa aibu. Na mkiona siku zinazidi kupotea, pigeni simu hospitali za misheni za Kikuyu na Kijabe, zinazojulikana kwa kazi ya mifupa, muulize nafasi na gharama kabla ya kumhamisha. Ahamishwe kwa ambulensi.

Kuhusu kaka anayelipa, usimjibu kwenye kikundi cha WhatsApp. Huko kila mtu ni daktari. Kutoka Nakuru hadi hapa ni safari ya asubuhi moja. Aje asimame kando ya kitanda wakati mama anageuzwa.

Akishapasuliwa, usishangae ukimkuta siku ya pili anasimamishwa. Ndivyo inavyotakiwa. Kichwa cha chuma kwa kawaida hubeba uzito wake wote tangu mwanzo, na kumhurumia kwa kumlaza ni kumrudisha kule kule tulikomtoa. Kitu cha kutembelea cha miguu minne kipimwe: akisimama wima mikono ikining'inia, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Kila siku tazama visigino vyake na kitako. Ukiona wekundu usioondoka, mwite muuguzi. Visigino viinuliwe kwa mto chini ya shavu la mguu ili visiguse godoro. Sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda huendelea kwa takriban mwezi, na muuguzi anaweza kukufundisha kumchoma nyumbani. Chakula chake kiwe cha kujenga mwili: mayai, maziwa, omena, maharagwe, ndengu. Chai na mkate havitoshi kuponya kidonda. Shavu la mguu likivimba na kuuma, akikosa pumzi ghafla, kidonda kikitoa usaha, au mguu ukifupika tena ghafla kwa maumivu makali, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Ghorofa ya tatu ndilo swali nililolifikiria kwa muda mrefu. Kama mmoja wa dada hao wanyamavu ana nyumba ya chini, mama akae kwake miezi miwili au mitatu. Huo ni mchango usiohitaji pesa, na huenda ukawafungua midomo. Kama hakuna, afunzwe ngazi na mtaalamu wa fiziotherapia kabla hajaruhusiwa kutoka. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, mguu mgonjwa hutangulia pamoja na fimbo, nawe ukiwa upande wa chini yake. Akishapanda, akae huko mpaka siku ya kliniki.

Choo cha kuchuchumaa asikitumie. Kuchuchumaa kunaweza kuchomoa kichwa kipya mahali pake, hasa wiki za mwanzo, na kiti kifupi au sofa inayozama ni vivyo hivyo. Magoti yasipande juu ya nyonga. Kuna viti vya choo vya kununua, lakini fundi wa jua kali atakuchongea kiti kizito cha mbao chenye tundu na mikono, ukakiweka juu ya choo hicho hicho. Hakikisha miguu yake haitelezi, na ujaribu kukikalia wewe kwanza. Bafuni weka mkeka wa mpira na chuma cha kushika ukutani. Karibu na kitanda weka taa ya kuchaji, kwa sababu stima zitapotea tena.

Mwisho, mfupa unaovunjika kwa kuteleza tu ukiwa umesimama ni mfupa uliodhoofika, na aliyevunjika nyonga moja yuko karibu kuvunjika pengine. Hili husahaulika kidonda kikishapona. Kwenye kliniki, kuanzia wiki ya pili na kuendelea, muulize daktari kuhusu dawa ya kuimarisha mifupa. Kuna dripu ya zoledroniki inayowekwa mara moja kwa mwaka. Utafiti wa 2007 kwa watu waliokuwa wamevunjika nyonga ulionyesha kwamba ilipunguza mivunjiko mipya kwa asilimia 35, na vifo navyo vikapungua. Kabla ya kuiweka hupimwa figo, kalsiamu na vitamini D. Siku hiyo hiyo beba dawa zake zote za presha kwenye mfuko, apimwe presha akiwa amelala kisha akiwa amesimama. Ikishuka sana anaposimama, huenda dawa ya presha ndiyo iliyomyumbisha njiani kwenda msalani, na daktari ataibadilisha.